Kalenda ya Muuzaji na Kalenda ya Ofisi

Tarehe 14 Oktoba, 2025 ilipita kimya katika ofisi nyingi. Mashine hazikugoma, barua ziliendelea kuchapwa, na hesabu zilijumlishwa kama jana yake. Hata hivyo, siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10, uliotolewa Julai 2015. Siku hiyo hiyo programu zake za ofisi, yaani Office 2016 na Office 2019, nazo zilifikia ukomo wa kuhudumiwa. Tangu hapo wakuu wa ofisi, wahasibu wa vyama vya ushirika, walimu wakuu na wenye biashara ndogo ndogo wamejikuta mbele ya swali moja: je, tununue mashine mpya, tulipie muda wa nyongeza, au tukae kama tulivyo?

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba kukaa kama tulivyo ni hatari, na kununua mashine mpya kwa sababu tu tumeambiwa tununue ni hasara. Ofisi yenye busara hujiwekea kalenda yake yenyewe, iliyopangwa kwa kadiri ya kazi zake na fedha zake, na hutazama kalenda ya muuzaji kama vile mkulima atazamavyo majira ya mvua: hawezi kuyabadili, lakini aweza kujiandaa kabla hayajamfikia. Ili msomaji aweze kupima maoni haya, yafaa kwanza tueleze kwa nini programu huwa na ukomo.

Kwa nini programu huzeeka

Jembe huzeeka kwa kulika, na tairi huzeeka kwa kusagika. Programu haina hali hiyo. Maelekezo yaliyoandikwa mwaka 2015 yatafanya leo kazi ile ile yaliyoifanya siku ya kwanza. Kinachobadilika ni mazingira yake. Mfumo endeshi ni programu inayosimamia mashine nzima: ndiyo inayogawa nafasi katika kumbukumbu, inayopokea herufi kutoka kwenye kibodi, inayofungua na kufunga mafaili, na inayoamua nani aingie na nani azuiwe. Kazi hiyo imeandikwa kwa mamilioni ya mistari ya maelekezo, na hapana binadamu awezaye kuandika mistari mingi kiasi hicho bila kuacha makosa. Baadhi ya makosa hayo ni madogo na hayamdhuru mtu. Mengine ni kama mlango wa uani usio na komeo: ajuaye ulipo huingia.

Makosa ya namna hiyo yanapogunduliwa, mtengenezaji hutoa marekebisho yaitwayo viraka. Microsoft hutoa viraka vyake kila mwezi, Jumanne ya pili. Mfumo unaohudumiwa ni ule unaoendelea kupelekewa viraka hivyo. Mfumo uliofikia ukomo haupelekewi tena, isipokuwa kwa malipo maalumu au katika dharura kubwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kiraka chenyewe humwonyesha mwizi mahali penye ufa. Mtaalamu mwenye nia mbaya huchukua faili jinsi lilivyokuwa kabla ya kiraka na jinsi lilivyo baada yake, akalinganisha, na tofauti anayoiona humwambia kosa lilikuwa wapi. Kwa kuwa Windows 10 na Windows 11 zimejengwa kwa sehemu nyingi zinazofanana, kiraka kilichotolewa kwa ajili ya Windows 11 chaweza kugeuka ramani ya kuvunjia Windows 10 isiyohudumiwa. Kwa hiyo mashine isiyobandikwa viraka haibaki katika hali yake ya zamani. Hatari yake huongezeka mwezi baada ya mwezi, ingawa yenyewe imekaa mezani pale pale.

Mei 2017 dunia ilipata fundisho kubwa katika jambo hili. Programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 na kuzishika kompyuta zaidi ya 200,000. Ilifunga mafaili ya wenyewe kwa maandishi ya siri, kisha ikadai fidia. Katika Uingereza iliathiri takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za England. Wagonjwa walirudishwa nyumbani, na maelfu ya miadi ikafutwa. Kiraka cha kuziba ufa uliotumiwa kilikuwa kimekwisha kutolewa Machi 14 mwaka huo huo, yaani miezi miwili kabla. Tena, kompyuta nyingi zilizoambukizwa katika hospitali hizo zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwapo, aliyekosekana ni wa kukibandika. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na usemi huo unafaa ofisini kama unavyofaa nyumbani.

Funzo hili lina pande mbili. Upande mmoja, lawafaa wale wanaodhani kwamba mfumo wa zamani hauna neno maadamu unawaka. Upande wa pili, lawafaa wale wanaodhani kwamba kununua toleo jipya kwatosha. Mwenye toleo jipya asiyebandika viraka na mwenye toleo lililokwisha muda wake wanakaa katika nyumba moja isiyo na mlango.

Gharama ya kutii bila kuhoji

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 5, 2021, haikubali kila mashine. Yadai kuwapo kwa chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Hivyo kompyuta iliyonunuliwa mwaka 2016, ingawa ina nguvu za kutosha kuandika barua na kupiga hesabu za mishahara, hukataliwa mlangoni.

Tuwe waadilifu: sharti hilo lina sababu. Chipu ya TPM huhifadhi funguo za siri mahali ambapo programu haribifu hazifiki kwa urahisi, na mtu akiiba kompyuta iliyofungwa kwa njia hiyo, ataondoka na chombo asichoweza kusoma yaliyomo. Hayo ni manufaa ya kweli. Lakini mwenye kulipia manufaa hayo ni mteja, naye hakuulizwa kama angependa kuyalipia mwaka huu au mwaka wa kesho kutwa.

Wale ambao mashine zao zimekataliwa wamewekewa njia ya malipo. Kwa mashirika na biashara, viraka vya nyongeza vya Windows 10 viliwekewa bei ya dola za Marekani 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, bei hiyo ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye kompyuta 12. Mwaka wa kwanza kitalipa dola 732. Wa pili, dola 1,464. Wa tatu, dola 2,928. Jumla ni dola 5,124, na mwisho wa miaka hiyo mashine zitakuwa zile zile 12, zikiwa zimezeeka zaidi, na zikihitaji kubadilishwa hata hivyo. Malipo hayo yafaa kwa mwaka mmoja wa kujipanga. Mwenye kuyafanya kuwa desturi anapanga nyumba ambayo tarehe ya kuvunjwa kwake imekwisha kutangazwa.

Upande wa programu za ofisi, mwenendo ni wa kutafakari zaidi. Office 2016 ilihudumiwa kwa miaka 10. Office 2019 ilipata miaka 7. Office 2021 ilipewa miaka 5, yaani hadi Oktoba 2026. Na Office 2024 nayo ilipewa miaka 5, hadi Oktoba 2029. Kwa maneno mengine, katika muda wa matoleo machache umri wa kitu kinachonunuliwa mara moja umepungua kwa nusu. Sambamba na hayo, muuzaji humhimiza mteja aache kununua na badala yake alipe ada kila mwezi au kila mwaka kwa ajili ya Microsoft 365. Ada hiyo ina faida zake, kwa maana mwenye kulipa hupata matoleo mapya daima. Lakini ada ikikoma, programu hubaki kama mgeni barazani: waweza kufungua hati na kuisoma, wala huwezi kuihariri. Ofisi inayotegemea mapato ya msimu, kama ya pamba au korosho, yapaswa kulifikiria jambo hilo kabla ya kutia sahihi.

Wala tusidhani kwamba akishafika Windows 11 msafiri amefika mwisho wa safari. Kila toleo la mwaka la Windows 11 lina kalenda yake: miezi 24 kwa matoleo ya nyumbani na ya biashara ndogo, na miezi 36 kwa yale ya mashirika makubwa na elimu. Kubadilika kumekuwa hali ya kudumu, na kwa sababu hiyo kwahitaji utaratibu wa kudumu.

Tena masahihisho yenyewe yaweza kuleta maafa. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro kwa wateja wake ulimwenguni kwa wakati mmoja. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliangushwa, ndege zikashindwa kuruka, na benki na hospitali zikakwama. Hapakuwa na mshambulizi yeyote. Tiba ndiyo iliyomwangusha mgonjwa, kwa sababu ilinyweshwa kwa watu wote kabla ya kuonjwa na wachache.

Mafunzo ya hapa na ya mbali

Nchi yetu imepata kukutana na swali hili kwa sura nyingine. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya jitihada za kuziweka hesabu za Serikali katika mashine hizo kuleta hasara badala ya nafuu. Hasira ile ilieleweka. Lakini marufuku haikumfundisha mtu kuitumia mashine vizuri zaidi, na miaka iliyofuata ilituonyesha kwamba ujuzi hauji kwa kufunga mlango. Leo baadhi ya watu wako katika upande wa pili wa kosa hilo hilo: hupokea kila kinachotangazwa, bila kupima. Aliyekataa yote na aliyepokea yote hawakutofautiana sana, kwa maana wote wawili walimwachia mwingine kazi ya kuamua.

Wako wanaosema kwamba dawa ni moja: tuhamie Linux, mfumo endeshi ulio huru ambao hauna ada ya leseni. Rai hiyo ina uzito. Ubuntu, mathalan, hutoa kila miaka miwili toleo linalohudumiwa kwa miaka mitano bila malipo, na hukubali mashine nyingi ambazo Windows 11 huzikataa. Lakini historia yatuonya tusikimbilie. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurejea Windows. Kwa upande mwingine, polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walianza kwa kubadilisha programu za ofisi mwaka 2005, na mfumo endeshi wakaubadilisha baadaye, kuanzia mwaka 2008. Nao hawakurudi nyuma. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zitahamia LibreOffice, nalo pia likazitanguliza programu za ofisi kabla ya mfumo endeshi.

Tunaona kwamba utaratibu wa Gendarmerie ndio unaotufaa: hati kwanza, mashine baadaye. Mtumishi aliyezoea kuandika barua na kupanga lahajedwali katika LibreOffice hatashtuka sana siku atakapokuta imewekwa juu ya Linux, kwa sababu dirisha analolifanyia kazi ni lile lile. Lakini ukimbadilishia vyote kwa siku moja, atalaumu kila kitu, na pengine atakuwa na haki.

Nini kifanyike

Kwanza, kila ofisi iwe na daftari la mashine zake. Kwa kila kompyuta yaandikwe mambo matano: mwaka iliponunuliwa, prosesa yake ni ya kizazi gani, kama ina TPM 2.0, mfumo endeshi ilio nao, na kazi inayofanya. Kuhusu TPM, mtu hahitaji kuwa fundi: hubonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, akaandika tpm.msc, na dirisha litakalofunguka litamjulisha. Kazi hii ya siku moja au mbili ndiyo msingi wa yote yanayofuata, kwa maana asiyejua alicho nacho hawezi kujua anachokihitaji.

Pili, mashine zigawanywe katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni zile zinazoweza kupokea Windows 11. Hizo zipelekwe huko bila kukawia. Kundi la pili ni zile zisizoweza, lakini zinaendesha programu ambayo imeandikwa kwa Windows peke yake, kama zilivyo programu nyingi za uhasibu. Hizo zilipiwe viraka vya nyongeza kwa mwaka mmoja, na zitangulizwe katika bajeti ya kununua. Kundi la tatu ni zile za kuandikia barua, kusomea na kufundishia. Hizo ziwekewe Linux na ziendelee na kazi. Mashine isiyoingia katika kundi lolote itolewe kwenye mtandao, na isichomekwe vijiti vya kumbukumbu vinavyotoka nje.

Tatu, hati zote za kudumu zihifadhiwe katika muundo ulio wazi. Muundo wa ODF umekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, na mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuandika programu ya kuusoma bila kuomba ruhusa ya kampuni. Kumbukumbu za wanachama, hati za ardhi na matokeo ya mitihani zitahitajika miaka 40 ijayo, wakati ambapo huenda majina ya programu za leo yatakuwa yamesahauliwa.

Nne, pasiwe na sasisho linalowekwa katika mashine zote kwa siku moja. Lianze katika mashine moja isiyo ya lazima, likae siku chache, kisha lienee. Subira hiyo isizidi juma moja, kwa maana fundisho la mwaka 2017 lingali pale pale. Na kabla ya yote pawepo nakala ya akiba ya mafaili, iliyowekwa mahali pasipounganishwa na mashine.

Tano, mnunuzi ahoji kabla ya kulipa. Maduka mengi ya miji yetu huuza kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mashirika ya Ulaya na Marekani yakiziondoa mashine zilizokataliwa na Windows 11, yatazamiwa kwamba nyingi zitatufikia sisi kwa bei ya kuvutia. Kwa aliyekusudia kuweka Linux, bei hiyo ni neema. Kwa aliyekusudia kuendelea na Windows, ni mtego. Muuzaji aulizwe kizazi cha prosesa, na jibu lake liandikwe katika stakabadhi.

Wajibu ulio mkubwa kuliko ofisi moja

Yako mambo ambayo ofisi moja haiwezi kuyafanya peke yake. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kompyuta inayotupwa ikiwa nzima huongeza lundo hilo. Nchi inayopokea mashine zilizotumika hupokea pia wajibu wa kuzizika, na kwa hiyo ina haki ya kuweka masharti ya umri wa mashine zinazoingia.

Vilevile, ujuzi haujawahi kuwa mgeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Waliofanya kazi ile walionyesha kwamba wataalamu wetu wanaweza kuifungua programu, kuielewa na kuitengeneza upya kwa ajili ya watu wao. Inafaa vyuo vyetu viwape wanafunzi kazi ya kuendeleza njia hiyo: kutafsiri matoleo ya sasa, kuandika vitabu vya mwongozo, na kuzitembelea shule na vyama vya ushirika wakiwa na vijiti vya kuwekea mifumo. Mwanafunzi atakayezifufua kompyuta 20 za shule ya sekondari atakuwa amejifunza mengi kuliko yaliyomo katika mihadhara ya muhula mzima.

Na ofisi za umma zinunue kwa pamoja. Shule moja haina sauti mbele ya kampuni ya kimataifa. Shule 1,000 zenye mkataba mmoja zaweza kudai muda mrefu zaidi wa huduma, bei ya shilingi isiyoyumba, na haki ya kuendelea kuhariri hati zao hata ada inapochelewa.

Ndugu msomaji, iwapo ofisi yako ingali na mashine za Windows 10 ambazo hazikulipiwa viraka, usisubiri mwaka mpya wa fedha ndipo uanze. Daftari la mashine halihitaji bajeti. Lahitaji kalamu, karatasi na mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina. Mteue juma hili, umpe siku ya kuleta taarifa, na taarifa hiyo isomwe mbele ya wote wanaohusika na fedha za ofisi. Maamuzi ya kununua, kulipia au kuhama yatafuata baada ya hapo, nayo yatakuwa yenu.